Simu Iliyojifunga Yenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Mikataba Miwili Mjini Malindi

Mwishoni mwa Septemba 2024, binti wa miaka 26, mkazi wa Majengo mjini Malindi, alinijia barazani na simu mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa simu kubwa ya kugusa, kioo chake hakina hata mkwaruzo, lakini juu ya weusi wake palikuwa na maandishi yaliyomtaka alipe ndipo aitumie tena. Ya pili ilikuwa kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, ya mamake, ambayo alikuwa ameitia laini yake ili angalau watu wampate. "Ami," akaniambia, "kazi imenifungia kwa sababu ya alama, na simu imenifungia kwa sababu ya kazi. Sasa nianze kumlalamikia nani?" Kisa chake ninakiandika kwa ruhusa yake. Majina ya wahusika wote nimeyaacha, kwa kuwa lililo muhimu hapa ni mikataba yenyewe na jinsi sheria ya Kenya inavyoitazama.

Mkataba wa kwanza ni wa simu. Tarehe 8 Januari 2024 alitoa arubuni ya shilingi 3,500 katika duka moja mjini, akakubali kulipa shilingi 75 kila siku kwa siku 365. Simu hiyohiyo, katika duka hilohilo, ilikuwa ikiuzwa taslimu kwa shilingi 19,000, ilhali kwa lipa mdogo mdogo jumla yake inafika 30,875. Hakuna aliyemtajia jumla hiyo. Alitajiwa sabini na tano, na sabini na tano ni pesa ya chai na mahamri. Nani angeketi kuizidisha mara 365? Mkataba aliuona katika simu ya karani, ukipandishwa na kushushwa kwa kidole cha karani, kisha akaambiwa aweke chake. Masharti mawili ndiyo yaliyokuja kumgusa baadaye: kwamba simu ni mali ya muuzaji hadi shilingi ya mwisho ilipwe, na kwamba malipo yakikosekana muuzaji ana haki ya kuifunga kwa mbali.

Mkataba wa pili ni wa kazi. Tangu Julai 2023 alikuwa akinukuu sauti za Kiswahili, yaani kuzisikiliza na kuyaandika maneno yake, kwa kampuni ya ng'ambo inayoendesha jukwaa la kazi za mtandaoni. Alilipwa kwa dakika ya sauti, kila Jumanne. Masharti yalimwita mkandarasi huru, yakaipa kampuni uwezo wa kuyabadilisha wakati wowote, na yakataka kila mgogoro upelekwe kwa msuluhishi katika mji ambao nauli ya kuufikia inazidi mapato yake ya mwaka mzima. Katika miezi 14 yalibadilishwa mara nne. Kila mara lilitokea dirisha lenye kitufe kimoja tu, cha kukubali, na bila kukibonyeza hakuweza kuona hata pesa aliyokwisha kuifanyia kazi. Badiliko la tatu, la Machi 2024, lilileta alama za ubora: kazi inapimwa na programu, na mwenye alama chini ya 85 katika 100 akaunti yake inasimamishwa.

Kilichomshusha alama ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Mamake ni mtu wa Lamu, kwa hiyo jukwaa lilipoleta mafungu ya sauti za wazee wa huko, yeye aliyasikia vyema kuliko wenzake. Mwongozo ulisema andika unachosikia. Mzee akisema "ndia", aliandika ndia. Akisema "mato", aliandika mato. "Moya" akaiandika moya. Programu ya kupima, ambayo kwa dalili zote ililishwa Kiswahili sanifu peke yake, ikayahesabu maneno hayo kuwa makosa ya njia, macho na moja. Aliadhibiwa kwa usahihi wake, na ninakiri kwamba hapo ndipo niliposhindwa kukitazama kisa hiki kwa ubaridi unaotakiwa.

Tarehe 3 Septemba, siku ya malipo, akaunti ilisimamishwa, na shilingi 11,200 zilizokuwa zimeiva zikazuiwa. Ujumbe ulisema akaunti inakaguliwa na kwamba asitume maombi ya kurudiarudia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba rufaa hupokewa ndani ya siku 14 kupitia akaunti yenyewe. Akangoja kama alivyoambiwa. Aliendelea kulipia simu kwa akiba hadi tarehe 12, na tarehe 13 simu ikafungwa, rufaa ikiwa imebakiwa na siku nne. Ili kuingia katika akaunti alihitaji tarakimu sita zinazotolewa na programu ya uthibitisho, na programu hiyo ilikuwa ndani ya simu iliyofungwa. Laini alikuwa ameihamisha, lakini tarakimu hizo haziji kwa laini. Siku nne zikapita akiwa na haki ya kukata rufaa asiyoweza kuifikia.

Nianze na simu, kwa sababu hapo sheria yetu ina la kusema zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sura ya 507 ya sheria za Kenya, inayosimamia ukodishaji wa mali unaoishia katika ununuzi, ilitungwa miaka ya 1960, zama za cherehani, baiskeli na redio za mkopo. Mkataba unaomwachia muuzaji umiliki hadi malipo ya mwisho, huku mnunuzi akiishika na kuitumia mali, ndio hasa sheria hiyo inaoulenga, hata kama karatasi yenyewe inauita jina jingine. Inamtaka mwenye mali aitaje bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya mkataba, inataka mkataba usajiliwe, na ina ngao moja ambayo sijawahi kumsikia karani wa duka akiitaja: mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi kuirudisha mikononi mwake ila kwa kufungua kesi mahakamani.

Tupige hesabu. Theluthi mbili za 30,875 ni kama 20,583. Kufikia tarehe 12 Septemba binti alikuwa amelipa siku 249, yaani shilingi 18,675, na ukiongeza arubuni inakuwa 22,175. Alikuwa amevuka theluthi mbili, na hata bei ya taslimu alikuwa ameipita kwa zaidi ya shilingi elfu tatu. Deni lililosalia lilikuwa 8,700. Laiti muuzaji angemtuma mtu Majengo kuichukua simu mkononi mwake siku ile, angekuwa amevunja sheria waziwazi.

Lakini hakutumwa mtu. Simu ilibaki chini ya mto wa mwenyewe, nzima, isipokuwa haitumiki. Je, kuifunga kwa mbali ni kuirudisha mali? Wakili wa muuzaji atasema sivyo: sheria inazungumzia kuishika mali, na aliyeishika hadi dakika hii ni mnunuzi. Mimi naona jibu hilo linashika maneno na kuacha maana. Waliotunga kizuizi kile walimwona mtu akija na gari la mizigo kubeba cherehani, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na njia nyingine ya kumnyima fundi matumizi ya cherehani yake. Walichokusudia kukilinda ni hali ya mtu aliyelipa sehemu kubwa kisha akateleza kidogo, asipoteze vyote kwa uamuzi wa upande mmoja bila hakimu kuutazama. Simu isiyofunguka ni kipande cha kioo, na kumwachia mtu kioo huku ukimwondolea simu kunafanya kilekile ambacho sheria ilikataza kwa mikono. Sijui hukumu ya Kenya niliyoweza kuitegemea kwa jambo hili, kwa hiyo katika barua yetu kwa duka niliijenga hoja juu ya kusudi la sheria, nikaiambatanisha na Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya kupata taarifa za kumwezesha kufaidika na anachonunua, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma.

Haki ya muuzaji nayo isemwe. Kufuli la mbali ndilo lililomfanya amwamini binti asiye na hati ya shamba wala mdhamini mwenye mshahara. Ukimwambia afungue kesi kwa shilingi 8,700, umemwambia azisamehe. Na wenye maduka wakijua hivyo, arubuni itapanda hadi iwashinde wale ambao mpango huu uliwafungulia mlango. Sidai kwamba kufuli lipigwe marufuku. Ninachodai ni kwamba nguvu yake ipungue kadiri malipo yanavyosonga, na kwamba baada ya theluthi mbili lisiwe kitu kinachojifunga usiku wa manane bila onyo la maandishi na muda wa kujitetea. Wajerumani, katika kifungu cha 314 cha kanuni yao ya madai, wanaitambua mikataba inayoendelea kuwa aina ya pekee: kuivunja ghafla kunahitaji sababu nzito, na kama sababu ni kosa la upande wa pili, kwa kawaida onyo hutangulia. Sheria yetu haina kifungu cha jumla cha namna hiyo.

Huo ndio upungufu mkubwa ninaouona katika kisa kizima. Sheria yetu ya mikataba, ambayo kwa Sura ya 23 imerithi kanuni za Waingereza, husimama mlangoni: huuliza nani aliingia, alikubali nini, kulikuwa na hadaa au shuruti. Mahakama ya Rufaa, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit la mwaka 2001, ilishikilia kwamba mahakama haiwaandikii watu upya mkataba wao, na kwamba masharti huwafunga isipokuwa pathibitike shuruti, ulaghai au ushawishi usiofaa. Kwa mkataba wa siku moja, kanuni hiyo inafaa. Ila binti huyu alipoingia katika jukwaa mwezi wa Julai 2023 hapakuwa na alama 85 wala programu ya kupima. Kilichomuumiza kilizaliwa katikati ya safari, na kitufe alichokibonyeza Machi alikibonyeza mshahara wake ukiwa upande wa pili wa dirisha.

Mwanazuoni Ian Macneil alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwamba mikataba ya muda mrefu ni uhusiano, na kwamba mengi ya wajibu wake huota ndani ya uhusiano huo badala ya kuandikwa siku ya kwanza. Mahakama za Uingereza zilichelewa kumsikia. Mwaka 2013, katika shauri la Yam Seng, Jaji Leggatt alikubali kwamba baadhi ya mikataba ya namna hiyo inabeba wajibu wa nia njema hata usipoandikwa. Mwaka 2019 Jaji Fraser aliutumia mtazamo huo katika shauri la Bates dhidi ya Post Office, ambamo wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walitakiwa kulipa mapengo ya fedha yaliyoonyeshwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, mfumo ambao wao wenyewe hawakuweza kuukagua. Nililitaja shauri hilo katika barua yetu kwa jukwaa. Msimamizi wa posta wa Uingereza na binti wa Majengo hawakutani popote, ila katika hili moja: kila mmoja aliambiwa na mashine kwamba amekosa, na aliyemwajibisha ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa kuifungua mashine hiyo.

Huku kwetu jambo hili si geni, limebadilisha tu vazi. Mvuvi wa Malindi anayepewa nyavu au mashine ya boti na tajiri wa samaki yumo katika mkataba mrefu usioandikwa: samaki atamuuzia yeye, kwa bei ya yeye, hadi deni liishe. Kusi ikivuma na bahari ikachafuka, tajiri humwongezea unga na kungoja. Nisieleweke kwamba ninausifu mpango huo, kwa maana wapo wavuvi ambao deni lao limerithiwa na watoto. Lakini mna jambo moja ndani yake ambalo mikataba ya binti huyu haina. Tajiri anajua kwamba kusi imevuma. Programu iliyofunga simu tarehe 13 haikujua kwamba kazi imesimama, na haikuwekwa mahali pa kuambiwa.

Hapo mikataba miwili inakutana, na hapo nilipata hoja niliyoipenda kuliko zote. Muuzaji wa simu atasema kwamba rufaa iliyopotea kwenye jukwaa haimhusu. Kanuni ya fidia kwa hasara ya namna hii inatoka katika shauri la Hadley dhidi ya Baxendale la mwaka 1854. Mwenye kinu cha Gloucester alikabidhi mhimili wa mashine uliovunjika kwa wachukuzi, wakachelewa, kinu kikasimama, naye akadai faida aliyoikosa. Alishindwa, kwa kuwa wachukuzi hawakuwa wameelezwa kwamba kinu kizima kinaungoja mhimili ule. Mwenye kudai hasara ya mbali sharti aonyeshe kwamba pande zote mbili zilikuwa nayo akilini walipofunga mkataba. Sasa, nje ya duka alikonunua simu palikuwa na bango, nami nikalipiga picha kabla ya kuandika neno lolote, lenye maneno makubwa yanayomwahidi mteja simu ya kumwingizia kipato. Aliyemuuzia binti chombo cha kazi kwa jina hilo ana kazi ngumu kudai kwamba hakuwaza kuwa chombo kikifungwa kazi itasimama.

Kuhusu jukwaa, jaribu la kwanza la kila mtu ni kusema kwamba binti ni mwajiriwa. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwatambua madereva wa Uber kuwa wafanyakazi tarehe 19 Februari 2021, ikitazama uhalisi wa kazi kuliko maneno ya mkataba, na Mahakama ya Rufaa ya Kenya mnamo Septemba 2024 ilikubali kwamba kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa hapa nchini na wakaguzi wa maudhui. Hata hivyo nilimshauri tusiende huko. Alichagua saa zake, angeweza kukataa fungu la kazi bila adhabu, na alikuwa huru kufanyia majukwaa mengine. Hoja ya ajira ingekuwa dhaifu. Zaidi ya hayo, Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, haina mamlaka juu ya migogoro ya ajira. Ukijiita mwajiriwa ili uheshimike, unajifungia mlango wa mahakama iliyo nyepesi zaidi kuifikia kwa dai la shilingi 11,200.

Sharti la usuluhishi wa ng'ambo halikunitia hofu sana. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Uber dhidi ya Heller la mwaka 2020, ilibatilisha sharti lililomtaka mpelekaji wa vyakula alipe takriban dola 14,500 za Marekani ili tu malalamiko yake yasikilizwe kwa usuluhishi wenye makao Uholanzi. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Malindi, lakini inampa mwenye dai dogo mahali pa kusimama.

Chombo kilichofaa kilikuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inamfikia hata mchakataji asiye na ofisi Kenya iwapo anachakata data za watu waliomo nchini. Kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, haki ya kujulishwa kwamba uamuzi ulifanywa hivyo, na haki ya kutaka uangaliwe upya. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa maagizo yake ya mwaka 2024 kuhusu kazi za majukwaa, yanayotaka uamuzi wa kusimamisha akaunti ufanywe na binadamu, lakini binti wa Malindi hayamfikii.

Tarehe 30 Septemba tulipeleka barua dukani, kwa Kiswahili, kurasa mbili, hesabu ya malipo ikiwa imeambatanishwa. Karani aliisoma akiwa amesimama, akairudia sehemu ya theluthi mbili, kisha akatuambia kwa upole wa kweli, "Dada, sisi hapa hatufungi. Inajifunga yenyewe." Sidhani alikuwa akituhadaa. Aliita makao makuu, na tarehe 2 Oktoba simu ikafunguka. Tulikubaliana kwamba malipo yataanza tena tarehe 1 Novemba, bila adhabu, na kwamba dai la hasara halijaachwa.

Kwa jukwaa tuliandika tarehe 4 Oktoba, tukiorodhesha maneno 31 ya Kiamu yaliyohesabiwa kuwa makosa, na kila neno likiandamana na dakika lilipotamkwa katika sauti. Jibu lilikuja tarehe 28, safari hii likiwa na jina la mtu chini yake. Pesa zilizozuiwa zililipwa zote siku ya Jumanne, tarehe 5 Novemba. Akaunti haikurudishwa, kwa maelezo kwamba muda wa rufaa ulipita, na kuhusu Kiamu barua haikuwa na neno hata moja. Nilimshawishi apeleke lalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye anatakiwa kulihitimisha ndani ya siku 90, kwa kuwa nilitaka swali la kifungu cha 35 lipate jibu rasmi. Akatikisa kichwa. "Ami, nimeshapata kwingine pa kuandika. Niachie hapo." Ni haki yake kuishia alipoishia, ijapokuwa hoja nzuri ililala nami kwa majuma kadhaa.

Alilipa sabini na tano ya mwisho tarehe 24 Februari 2025, ikaja salamu ya hongera. Siku hiyo tuliingia pamoja katika mipangilio ya simu, tukaikuta programu ya kufuli ingali imesajiliwa kuwa msimamizi wa kifaa, na kitufe cha kuiondoa kikiwa kimefifishwa. Tulipomrudia karani, alitazama, akaturudishia simu. "Hiyo haidhuru, dada," akasema. "Imelala tu." Barua ya pili niliiandika jioni ileile.